Haki ya Jirani Katika Ujenzi



Nyumba ya chini ikibomolewa hapa Fedha na ghorofa kusimama mahali pake, jirani hunung'unika dirishani tu. Lakini Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yampa njia: asiyeridhika na kibali cha Kaunti aweza kukata rufani mbele ya kamati maalumu katika muda wa siku 14. Mwaka jana mimi, karani nizoeaye kuhesabu siku za wengine, nilipeleka barua siku ya 16! Sasa jua halifiki uani kwangu. Andikeni mapema, tena mambo yanayopimika: bomba la maji taka, njia ya gari la zimamoto. Chuki kwa wapangaji wapya isiandikwe. Nao wanatafuta pa kulala, kama tulivyotafuta sisi.