Fomu na Jembe



Nimeombwa nieleze namna sisi wanaanthropolojia tunavyochunguza utalii. Nadharia nitawaachia wenyewe.

Nilipanda Mbaga, Upare Kusini, nikiwa na fomu yenye maswali arobaini. Wageni hupelekwa huko kuona mapango ya Mghimbi, ambamo husimuliwa kuwa watu walijificha wasitekwe utumwani, na jiwe la Malameni, linalosemekana lilikuwa mahali pa kafara ya watoto. Kila niliyemhoji alinijibu kwa maneno yale yale ya waongoza watalii. Fomu zikajaa, nami sikuwa nimejua kitu.

Kosa lilikuwa langu. Mpare mzima, nilikwenda kwetu kama mtalii! Basi nikaziweka fomu kando, nikaomba jembe, nikapalilia tangawizi pamoja na mama mmoja wa pale. Marehemu Profesa Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, alitegemea sana masimulizi ya wazee. Anayechunguza utalii huongeza maswali: simulizi hili anaambiwa nani, na fedha ya mgeni inaingia mfuko gani?

Siku ya nne, tukiwa shambani, mama yule alinieleza habari za jiwe lile ambazo wageni hawaambiwi. Kisha akasema, "Mwanangu, hayo usiandike."

Sikuandika. Msimamizi wangu alinung'unika kwamba sura ya tatu ni fupi mno. Ni fupi mpaka leo.