Kaburi la Talpiot na Wajibu wa Mwanazuoni Anapouhutubia Umma

Akiolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha ya kale kwa kufukua na kupima mabaki yake, hushughulika na vitu visivyosema. Jiwe hupata kauli kwa kinywa cha anayelifasiri, na kwa hiyo kila tangazo linalohusu historia ya dini hubeba mambo mawili ambayo msikilizaji wa kawaida hana njia ya kuyatenganisha, nayo ni kitu kilichofukuliwa na dhana iliyowekwa juu yake. Kazi ya kuyatenganisha ni ya mwanazuoni, tena ni kazi anayopaswa kuimaliza kabla ya kupanda jukwaani.

Kaburi la Talpiot, lililoko kusini mwa kitovu cha Yerusalemu, linaonyesha kinachotokea kazi hiyo inapoachwa. Lilifichuka mwaka 1980 wakati wa ujenzi wa nyumba za makazi, na ndani yake wanaakiolojia walikuta masanduku kumi ya mifupa, yaani masanduku madogo ya mawe ya chokaa ambamo Wayahudi wa zama za Hekalu la Pili walihifadhi mifupa ya marehemu baada ya mwili kuoza. Sita kati ya hayo yalichorwa majina, miongoni mwao Yesu mwana wa Yusufu, Maria, Yose, Mathayo na Yuda mwana wa Yesu. Mwanaakiolojia Amos Kloner alichapisha ripoti ya kaburi hilo mwaka 1996, akilitaja kama kaburi la familia lisilo na jambo la ajabu katika mji uliojaa makaburi ya aina hiyo. Mwezi Februari 2007, mtayarishaji wa filamu Simcha Jacobovici, akiwa pamoja na mwongozaji wa filamu James Cameron, alitangaza mbele ya waandishi wa habari mjini New York kwamba huenda humo ndimo walimozikwa Yesu wa Nazareti na jamaa zake, na siku chache baadaye filamu yao kuhusu kaburi hilo ikaonyeshwa kwenye televisheni, ilhali wataalamu wengi wa fani hiyo walikuwa bado hawajapewa nafasi ya kuupima ushahidi wenyewe.

Kilichowavuta watu zaidi ni hesabu. Andrey Feuerverger, mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, alikokotoa nafasi ya majina ya namna hiyo kukutana kwa bahati tu katika kaburi moja, na filamu ikalitangaza jibu lake kama uwiano wa 600 kwa 1. Hesabu yenyewe haikuwa na aibu. Iliyohitaji kuelezwa ni misingi yake. Majina Maria, Yusufu na Yesu yalikuwa ya kawaida mno katika Uyahudi wa karne ya kwanza, kiasi kwamba kati ya wanawake wanne au watano wanaojulikana kwa majina, mmoja hivi aliitwa Maria. Uzito wa uwiano ule ulitegemea sana sanduku jingine, lenye maandishi ya Kigiriki yaliyosomwa Mariamene, jina lililodhaniwa kuwa la Maria Magdalena kwa kutegemea Matendo ya Filipo, kitabu kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 4. Wapo wataalamu waliosoma maandishi hayo hayo kuwa ya wanawake wawili, Mariame na Mara. Dhana hiyo ikiondolewa, jengo lote linatikisika, na mtazamaji aliyeonyeshwa paa hakuwahi kuonyeshwa nguzo.

Kuhusu vinasaba hali ilikuwa dhaifu zaidi. Mabaki yaliyokwanguliwa katika masanduku mawili yalipimwa kwa vinasaba vinavyorithiwa upande wa mama, ikaonekana kwamba watu hao wawili hawakuwa wa ukoo mmoja wa mama, na kutokana na hilo likatolewa wazo kwamba huenda walikuwa mume na mke. Wangeweza pia kuwa shemeji, mkwe na mkwewe, au binti na baba yake, kwa kuwa baba hamrithishi mwanawe vinasaba vya aina hiyo.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ulegevu huu ni wa wanaoipinga imani peke yao. Mwaka 2002 lilitangazwa sanduku lenye maandishi yanayomtaja Yakobo mwana wa Yusufu, ndugu yake Yesu, na waumini wengi walilipokea kwa furaha ingawa lilitoka mikononi mwa mkusanyaji binafsi na halikuwa na muktadha, yaani kumbukumbu ya mahali na tabaka la udongo lilimopatikana. Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ilitamka mwaka 2003 kwamba maandishi hayo ni ya kughushi. Mwaka 2012 mahakama ya Yerusalemu ilimwachia huru mmiliki katika shtaka la kughushi, huku jaji akieleza kwamba hukumu hiyo haithibitishi kuwa maandishi ni halisi. Aliyetamani kuthibitishiwa na aliyetamani kukanushiwa walihudumiwa kwa uzembe ule ule.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina swali lake la namna hii. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua kuanzia mwaka 1980 misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa awali ukiwa mdogo, wa miti, na wa karne ya 8. Ingekuwa rahisi kutangaza kwamba masimulizi ya visiwa vya Lamu kuhusu watu waliotumwa na Khalifa Abdul Malik bin Marwan yamethibitishwa, na tangazo hilo lingependwa. Lakini msikiti mdogo unathibitisha kuwapo kwa Waislamu wachache mahali pale katika karne ile, hauwataji waliowatuma. Ripoti kamili ilitoka mwaka 1996, ikiwa na michoro ya matabaka, vigae na sarafu, ili asiyekubaliana na mfukuaji apate pa kuanzia.

Mwandishi wa habari wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam atakayeletewa ugunduzi wa kusisimua kuhusu nabii au mtakatifu yeyote anaombwa aulize kwanza ripoti ya ufukuaji iko wapi na nani mwingine ameisoma, na jibu atakalopewa, hata likiwa kwamba ripoti haipo, aliweke katika aya ya kwanza ya habari yake.