Zimwi Lililofundishwa Kusema

Somo la leo lahusu mazimwi ya sinema, na jinsi yalivyoingia katika televisheni. Sikilizeni kwanza, kisha someni wenyewe ukurasa huu polepole.

Mwaka 1818 bibi mmoja Mwingereza, Mary Shelley, alitoa kitabu kiitwacho Frankenstein. Humo bwana mmoja mwenye elimu anaumba kiumbe mfano wa mtu, kisha anakikimbia kwa hofu. Kiumbe hicho kinajificha karibu na nyumba ya watu maskini. Kupitia ufa wa ukuta kinasikiliza mgeni akifundishwa lugha, nacho kinajifunza kusema na kusoma.

Mwaka 1931 kampuni ya Universal ya Marekani ilitengeneza sinema ya hadithi hiyo. Boris Karloff ndiye aliyecheza zimwi. Lakini katika sinema zimwi lilinyimwa maneno. Lilinguruma tu, na watu wakaliwinda kwa mienge ya moto. Katika sinema ya pili, ya mwaka 1935, kipofu mmoja alilipokea kibandani kwake, akalifundisha maneno machache, kama mkate na rafiki.

Je, mazimwi hayo yalifikaje katika televisheni? Mwaka 1957 sinema 52 za zamani ziliuzwa kwa pamoja kwa vituo vya televisheni vya Marekani. Watu wakaziona nyumbani kwao usiku. Baadaye ikaja michezo mipya. Mwaka 1964 ulianza The Munsters. Baba wa nyumba ana sura ya zimwi la Karloff, lakini ni mpole, naye huenda kazini kama baba yeyote.

Mwaka 1966 ulianza Dark Shadows, mchezo wa jumba la kale lenye siri, ulioonyeshwa siku za kazi mpaka mwaka 1971. Mwaka 1967 alitiwa humo Barnabas Collins, mnyonya damu aliyejutia hali yake, na watazamaji wakampenda. Mwaka 1968 aliletwa Adam, mtu wa kuumbwa. Mwanzoni hakujua neno. Profesa mmoja akamchukua, akamfundisha, hata akasema na kusoma.

Mwaona tofauti? Sinema ya saa moja na zaidi kidogo ilituonyesha sura ya kutisha. Mchezo wa kila siku ulikuwa na nafasi ya kumsikiliza mwenye sura hiyo, na hofu ikageuka huruma.

Ndugu msomaji, pengine uliwahi kusimama mbele ya karani, ukasomewa karatasi yako haraka haraka, ukatia kidole gumba na kunyamaza. Watu wakadhani huna akili, kumbe ulikosa herufi tu. Usione haya kuanza leo. Kile kiumbe kilijifunza kwa kuchungulia ufa. Wewe una mwalimu, una daftari, na mlango uko wazi.

Maswali:
1. Kiumbe cha kitabuni kilijifunzaje kusoma?
2. Sinema ya mwaka 1931 ilikinyima nini?
3. Nani alimfundisha Adam?

Andikeni majibu kwa mkono wenu. Kwaherini.