Gari la Waya na Jicho la Kamera



Mwaka 2019 wasanii wa mji wetu, Jean Katambayi Mukendi, Sammy Baloji na Daddy Tshikaya, waliunda gari la Tesla kwa waya wa shaba, ukubwa wake kama wa gari la kweli. Kazi hiyo inaitwa Tesla Crash. Ilizaliwa katika mradi wa On-Trade-Off, ambao kituo cha Picha cha hapa Lubumbashi kiliuanzisha pamoja na wasanii wa Ubelgiji, kufuatilia safari ya lithiamu, madini ya betri, kutoka Manono.

Aliyekulia Katanga anaujua ufundi huo. Mtoto anaokota waya, anaukunja, anafunga magurudumu, kisha analisukuma gari lake mpaka giza liingie. Katambayi, mzaliwa wa hapa aliyesomea umeme, na wenzake wameuchukua mchezo huo wakaundia gari ambalo wenye fedha Marekani na Ulaya wanalinunua kwa makumi ya maelfu ya dola. Hapo ndipo dhihaka inapouma. Shaba ni yetu, kobalti ya betri ni yetu, mikono ni yetu, na sisi tumebaki na umbo la gari, ndani tupu.

Kilichonishika zaidi ni kwamba katika gari la waya jicho linapita. Ukisimama upande huu unamwona aliye upande wa pili. Tesla yenyewe imezungukwa na kamera zinazotazama barabara, wapita njia, hata ua wa mwenye gari. Aprili 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kati ya 2019 na 2022 wafanyakazi wa kampuni hiyo walitumiana picha za faragha zilizonaswa na magari ya wateja. Mnunuzi naye amegeuzwa kitu cha kutazamwa, tena kwa fedha yake.

Mwezi uliofuata, Elon Musk, mkuu wa Tesla, akawaambia wenye hisa kwamba kamera itawekwa kwenye mgodi wa kobalti, dunia nzima itazame, na atakayeona mtoto akifanya kazi atoe taarifa. Mgodi unaotajwa katika ripoti za Tesla ni Kamoto, Kolwezi. Ndugu zangu, Kamoto ni mgodi wa kampuni ya Glencore, wa mitambo mikubwa. Watoto ambao Amnesty International iliandika habari zao 2016 walikuwa kwenye machimbo ya mikono, wakiokota na kuosha mawe. Kamera ingeelekezwa mahali wasipokuwepo! Na hata ingemlenga mtoto mwenyewe, ingetuonyesha mgongo wake. Isingetuonyesha bei aliyolipwa, aliyenunua gunia lake, wala mkataba uliotiwa sahihi juu ya kichwa chake.

Nasema wazi: ulinzi wa namna hiyo haumlindi mtu. Unamtuliza mteja.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Haut-Katanga na Lualaba, pamoja na ndugu zetu wa Picha: gari la waya, hilo au jingine kama hilo, lisimamishwe Kolwezi mahali pa wazi, wachimbaji walizunguke na watoto wao. Na ninyi kampuni mnaotaka kututazama, wekeni kwanza mikataba yenu mezani, nasi tuitazame.