Maji ya Bondeni na Karatasi ya Shamba

(Mada iliyosomwa katika sherehe ya kikundi chetu kutimiza miaka kumi, Buganguzi, Wilaya ya Muleba)



Awali ya yote nawapongeza. Kisanduku chenye kufuli tatu na watunza funguo watatu kimefunguliwa kila siku ya mkutano kwa miaka kumi, na hesabu zikasomwa mbele ya watu. Hilo si jambo dogo. Nimeombwa nizungumzie kilimo cha umwagiliaji kwa sababu mmependekeza kwamba katika mzunguko mpya sehemu ya fedha itoke kuwa mikopo ya pampu. Nami nilikuwa bibi shamba hadi nilipostaafu, kwa hiyo mnategemea niseme pampu ni kitu kizuri. Ni kizuri kweli. Lakini nina jambo la pili, na hilo la pili ndilo lililonileta hapa.

Tuanze na ndoo. Bustani ya robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Mwezi wa saba, jua kali na upepo, mboga katika bustani hiyo zinahitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Ukiitazama kwenye rula unaona si kitu. Piga hesabu sasa: ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20. Yupo mama hapa anayeweza kubeba ndoo 250 kwa siku, halafu apike, apeleke mtoto kliniki, na jioni aje mkutanoni? Ndiyo sababu bustani zetu za kiangazi zinakuwa vijituta vitatu vinne, na nyanya za kiangazi, zile zenye bei, tunazinunua sokoni badala ya kuziuza.

Hata kabla ya pampu, tandazeni. Kibanjani tunatandaza nyasi za rweya tangu enzi za bibi zetu, lakini tukishuka bondeni tunasahau, tunaacha tuta la kabichi wazi kama uwanja wa mpira. Na mnapokwenda dukani kununua, muulize maji yako chini kiasi gani. Pampu ya kukanyaga haili mafuta, ila haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 hivi. Ile ya petroli ikiwekwa juu ya ukingo inavuta mita hizo hizo. Inakokuzidi ni kusukuma juu. Muuzaji hatakwambia.

Sasa jambo la pili: pampu hiyo itafungwa kwenye shamba la nani?

Sisi wa huku tunajua jinsi ardhi ilivyogawanyika. Kibanja ni cha ukoo, na mara nyingi kinahesabiwa cha mwanamume. Mama alikuwa na omusiri wake huko rweya, analima njugu mawe, kisha anahamia pengine. Leo rweya imepungua, na tangu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwetu mwaka 2006 kila mtu anatazama bondeni. Huko bondeni wengi wetu tunakodi kwa mdomo tu. Namfahamu mama mmoja, jina nitalificha, aliyekodi kipande kilichojaa magugu. Alichimba mfereji, akamwaga samadi misimu miwili. Msimu wa tatu, udongo ulipokuwa mweusi na vitunguu vinapendeza, mwenye shamba akasema analitaka kwa matumizi yake. Hakuvunja mkataba wowote, maana mkataba haukuwepo. Deni la mama yule likabaki vilevile.

Msidhani haya ni ya Buganguzi peke yake. Kule Mwea, Kenya, mradi wa mpunga ulioanzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, mpangaji aliyeandikwa alikuwa baba. Mama alipanda, akapalilia na kuvuna, malipo yakaingia mkononi mwa baba. Gambia, Afrika ya Magharibi, mpunga wa bondeni ulikuwa kazi ya wanawake tangu zamani. Ulipoanza mradi mkubwa wa Jahaly-Pacharr mwaka 1984, wa hekta 1,500 hivi, majina ya wanawake yaliandikwa kwa wingi katika daftari la mradi, lakini utawala wa viwanja ukaenda kwa wakuu wa kaya. Wanawake wengi wakakataa kufanya kazi bila malipo. Angalieni hapo: hata jina kuandikwa halikutosha, kwa sababu daftari la mradi si hati ya ardhi.

Serikali yetu ina Sera ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2010, ikaja Sheria ya mwaka 2013 iliyounda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Hesabu inayotajwa ni kwamba nchi ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa. Ni hesabu nzuri ya kuonyesha wafadhili. Mimi napenda kuuliza: katika hekta hizo, ngapi zina jina la mwanamke? Mabwawa na mifereji mikubwa ina wataalamu wa kuisemea. Tuta lako wewe la bondeni ni lazima ulisemee mwenyewe.

Na tuna pa kusimamia. Mama Holaria Pastory, wa wilaya hii hii ya Muleba, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomfika hana wa kumtunza, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na mama ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kesi hiyo inasomwa vyuo vikuu vya nje, na sisi hapa kuna wasioijua! Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu wawe wanawake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: mkopo wa pampu usitoke mpaka karatasi ya shamba ionekane. Anayekodi alete mkataba wa miaka isiyopungua mitatu, wenye mipaka, mashahidi, na maneno kuhusu mfereji na mazao yaliyomo ardhini muda ukiisha. Anayelima cha familia, wazungumze na mumewe juu ya hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili. Najua wapo watakaosema tutawatisha wenye mashamba, wakatae kukodisha kabisa. Wengine watakataa, ndiyo. Hapo kikundi kikodi kwa jina lake eneo moja kubwa, kigawe matuta kwa wanachama, maana kukinyang'anya kikundi kizima si rahisi kama kumnyang'anya mjane mmoja.

Na majirani walioko chini ya mkondo tusiwasahau. Kuchota maji ya mto kwa mashine kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Chemchemi ikikauka tutagombana na dada zetu wenyewe.

Nimemwachia Katibu mfano wa mkataba, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Waliokodi bondeni msiondoke baada ya chakula. Tukae pale chini ya mti tuujaze pamoja, na asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa shule.