Uganda: Mgonjwa Mmoja, Wataalamu Wengi



Mwezi Septemba 1986, katika mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote uliofanyika Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimpasha Rais Yoweri Museveni wa Uganda habari nzito. Kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Jeshi hilo lilikuwa limeitwaa Kampala mwezi Januari mwaka ule ule. Askari wa nchi yoyote ataelewa uzito wa hesabu hiyo.

Uganda haikulifunika jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, Wizara ya Ulinzi na Chuo Kikuu cha Makerere ziliunda Kituo cha Pamoja cha Utafiti wa Tiba, JCRC, ambacho kiliongozwa kwa miaka mingi na Dokta Peter Mugyenyi.

Kwa nini pamoja? Kwa sababu virusi hivi huangamiza chembe nyeupe za damu, nazo ndizo walinzi wa mwili. Walinzi wakianguka, kila adui huingia kwa mlango wake: kifua kikuu mapafuni, kuvu katika utando wa ubongo, saratani ngozini. Daktari wa kifua akiwa peke yake atatibu kifua, huku mgonjwa anapofuka macho. Isitoshe, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi. Hapo asiposikilizwa mfamasia, tiba moja huivunja nyingine.

Lakini fundisho kubwa zaidi lilitoka katika utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2014. Wagonjwa 177 wenye kuvu ya ubongo waligawanywa makundi mawili. Walioanzishiwa dawa za kufubaza virusi katika wiki mbili za mwanzo walikufa asilimia 45 katika muda wa wiki 26. Waliosubiri hadi kama wiki ya tano walikufa asilimia 30. Dawa zilikuwa zile zile, ila saa ya kuanza ilikuwa tofauti. Kwa hiyo anayetoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, fundi wa maabara anayeitafuta kuvu, na mwenye ufunguo wa kabati la dawa hawana budi kuafikiana juu ya siku hiyo. Wapo wanaodhani kwamba jopo la namna hii ni kikao cha chai; watazame tarakimu hizo.

Sisi ni majirani, na wagonjwa wetu watatu wa kwanza walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Katika hospitali za vikosi vyetu daktari, muuguzi, mfamasia na mshauri nasaha wapo. Swali ni kama wote wanasoma jalada moja, lenye kutunza siri ya askari, na kama jalada hilo humfuata anapopata amri ya uhamisho, au dawa hukatika mpaka atakapoanza upya mbele ya daktari asiyemjua.