Kadi ya Michoro Itakayoingia na Kuwaka

Kadi ya michoro ya kuchezea gemu huchaguliwa kwa kuanzia na umeme. Tundu la PCI Express kwenye bodi mama hutoa wati 75 tu. Zaidi ya hapo, kadi hudai waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. GeForce RTX 3060, kwa mfano, hula wati 170, na NVIDIA hupendekeza pawasaplai ya wati 550. Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimeshatumika zina pawasaplai ndogo isiyo na waya huo, na hapo ndipo fedha ya mnunuzi hupotelea. GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye wati 75, huziokoa, ingawa baadhi ya matoleo yake nayo hudai waya.

Kisha huja futikamba. Hupimwa nafasi kutoka mgongo wa kasha hadi kizuizi cha kwanza, mara nyingi kishikio cha diski. Kasha jembamba hukubali kadi ya kimo kifupi pekee.

Prosesa ya zamani nayo huibana kadi mpya: gemu hukwamakwama huku kadi ikisubiri kazi.